Mdogo wangu yuko Uholanzi, anasema madaktari wamekubali ugonjwa wake wa akili hauponi na ameomba asaidiwe kufa

Bi Mkubwa shikamoo,

Mie msomaji wako wa siku nyingi, naishi Ngamiani, barabara sitaji namba maana Tanga hii ukitaja namba tu watu washajua nyumba na rangi ya mlango. Nina miaka 47, nauza madera na vitenge, nina watoto watatu na mama yangu mzazi nakaa nae, ana presha na magoti hayampeleki tena.

Nina mdogo wangu wa kike nimempita miaka sita. Aliolewa na Mholanzi aliyekuja huku kwa kazi ya mradi, akaenda nae kwao, ndoa ikavunjika, mtoto hawakujaaliwa, yeye akabaki huko huko ana kazi ya kutunza wazee na karatasi zake zote, huu mwaka wa 18. Mwaka wa tatu tu tangu aende alianza kuumwa, mwanzoni tukasema baridi, tukasema upweke, mama akasema kuna mtu kamfanyia, tukapeleka jina lake Pangani akaandikiwa kombe nikampelekea na chupa nzima alipokuja likizo akanywa yote bila kubisha maskini. Akirudi huko anaanguka tena. Kwa maelezo yake keshapewa dawa aina nyingi nimesahau majina, kalazwa mara nne, kafanyiwa ile tiba ya umeme wa kichwani awamu mbili, kakaa na wataalamu wa kuongea miaka na miaka. Kuna kipindi aliwahi kupata nafuu miezi tisa tukashukuru Mungu tukachinja, ikarudi.

Sasa Alhamisi moja usiku akanitumia vois ya dakika 11. Anasema dada usilie kwanza nisikilize. Kwamba ameomba kwa daktari asaidiwe kufa, kwao huko sheria inaruhusu, na ombi lina zaidi ya mwaka, kaonana na daktari wa akili mwingine ambaye hamjui kabisa, na wote wawili wameona matibabu ya maana yameisha, mateso yake hayana tena matumaini. Hajapangiwa siku. Anasema ananiambia mie kwanza kwa sababu mama hatoweza.

Bi Mkubwa sikujizuia, nilimpigia hapo hapo nikamwambia astaghfirullah, unajua moto wewe, hao wazungu wamechoka kukutibu sasa wanakuua, rudi Tanga ukae baharini Raskazone upigwe na upepo utapona. Akanyamaza. Tangu siku hiyo nikimuandikia anajibu "sawa dada" basi, sawa dada, sawa dada.

La pili, na hili ndo linaninyima usingizi. Ile vois niliisikiliza jikoni nakuna nazi, simu nimeweka sauti kubwa, kumbe kijana wangu wa pili yuko chumbani kasikia. Ana miaka 22, tangu mwaka jana masomo yalipokwama analala mchana anakesha usiku, haogi mpaka aambiwe, marafiki kawakata. Tulimpeleka hospitali wakasema sonona, akapewa vidonge, kameza wiki tatu akasema vinamkausha mdomo na havifanyi kitu akaacha. Siku mbili baada ya vois akaniambia "kwa hiyo mamdogo keshapata njia, sie wa huku je?" Nikacheka nikamwambia acha upuuzi kale ubwabwa.

Maswali yangu. Nani mwenye kipimo cha kusema akili ya mtu haiponi? Malaria wanatoboa kidole, kansa wanakata kinyama, hii wameonea wapi? Naweza kumzuia? Na mama nimwambie au nisimwambie?

Dada Mtu, Ngamiani

Marahaba mwanangu.

Barua yako naijibia kutoka chini kwenda juu, maana umeliweka la moto mwishoni kama nyongeza. Kijana kwanza.

Lile neno alilosema si upuuzi na wala hakuhitaji ubwabwa. Leo hii, usingoje kesho, kaa nae mahali penye faragha umuulize kwa kutamka, bila kuzunguka: mwanangu unawaza kujiua? Najua utaogopa kwamba ukiuliza unampa wazo, nimefanya kazi ya unesi miaka mingi na hofu hiyo nimeisikia kwa kila mzazi, lakini wazo analo tayari, kakwambia mwenyewe, na anayeulizwa kwa upole mara nyingi anapumua maana amebeba peke yake. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna ambayo moyo wako hauipendi, usimuache peke yake usiku huo, mchukue mwende hospitali hata kama ni saa sita za usiku. Dawa zote za nyumbani, hizo za presha za bibi yake zikiwemo, na sumu za wadudu, zifungie kabatini ufunguo ulale nao. Akisema hapana bado mnakwenda kliniki wiki hii.

Na usikubali mtu akutishe habari za polisi. Ni kweli kanuni ya adhabu yetu inahesabu kujaribu kujiua ni kosa (Kenya mahakama kuu yao ilikitengua kifungu cha namna hiyo Januari 2025, sie tungali nacho), na hiyo hofu ndo inafanya familia zifiche wagonjwa ndani mpaka maji yazidi unga. Mtoto anayewaza tu hajafanya kosa lolote, ni mgonjwa, na hospitali ndo mahali pake.

Nakuomba ushike hili moja kuhusu yeye kabla sijaenda kwa mdogo wako. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama panado. Mara nyingi wiki nne mpaka nane ndo mtu anajua kama imemkubali au la, na yeye kaacha ya tatu, yaani kapata mdomo mkavu wote na faida hajaifikia. Dawa ikimsumbua inabadilishwa, dozi inapunguzwa, kuna na tiba ya mazungumzo hajaonja hata siku moja. Kwa hiyo akijilinganisha na mamdogo wake mwambie bila kumkejeli, mwanangu mwenzio ana miaka 15 njiani, wewe hata stendi hujatoka.

Haya, sasa Uholanzi.

Swali lako la kipimo ni zuri kuliko unavyodhani, maana ndilo hilo hilo wanalogombania wenyewe huko, madaktari kwa wanasheria, na hawajamaliza. Sheria yao ilianza kazi tarehe 1 Aprili 2002. Haisemi kwamba mtu ana haki ya kufa akitaka, inasema daktari hatoshtakiwa akitimiza masharti, asipotimiza ni kosa la jinai, kifungo chake kinafika miaka 12. Daktari yeyote anaweza kukataa. Na baada ya tendo kila faili linapelekwa kwenye kamati ya ukaguzi ambamo lazima awemo mwanasheria, daktari na mtu wa maadili.

Katika masharti hayo mna maneno mawili mdogo wako bila shaka kakutajia kwenye vois, wewe ukayasikia kama moja. Kuna mateso yasiyovumilika na kuna mateso yasiyo na matumaini ya nafuu. Lile la kwanza ni la mgonjwa, yeye ndo analala nalo, daktari kazi yake ni kusikiliza mpaka aelewe kwa nini mtu huyu, kwa maisha haya, hawezi tena. La pili ndo la daktari, huyu ndo anatakiwa aseme kwa elimu yake kwamba njia zimeisha. Yakichanganywa hayo mawili ndo balaa linapoanza, maana mgonjwa wa sonona ukimuuliza kama kuna matumaini atakwambia hakuna, na kukosa matumaini ni dalili ya ugonjwa wenyewe, ni kama kumuuliza mwenye homa kama chumba kina baridi. Ndo maana kwa maradhi ya akili ushahidi wa mgonjwa peke yake kwenye hilo la pili hautoshi.

Asili ya hayo yote ni kesi moja ya 1994. Daktari wa akili aitwaye Boudewijn Chabot alimsaidia mwanamke wa miaka 50 kufa mwaka 1991, mama aliyefiwa na wanawe wawili, mwili wake mzima kabisa hana kansa hana nini. Mahakama yao ya juu kabisa ikasema mateso ya moyo yanaweza kuhesabiwa sawa na ya mwili, lakini Chabot akakutwa na hatia, ijapokuwa hawakumpa adhabu, kwa sababu hakuna daktari mwingine huru aliyemuona yule mama kwa macho yake. Na wakaongeza jambo ambalo ni kubwa kwenye swali lako: mgonjwa wa aina hii akiwa ana tiba ya kweli mbele yake na anaikataa kwa hiari, basi kimsingi huwezi kusema mateso yake hayana matumaini.

Kwa hiyo kipimo chao hakipo kwenye damu wala picha, kipo kwenye historia. Wanarudi nyuma wanauliza, ugonjwa umetambuliwa sawasawa? Dawa zilizostahili zilitumika kwa dozi ya kutosha na muda wa kutosha? Tiba za mazungumzo zinazojulikana kufaa kwa ugonjwa huo zilijaribiwa? Na mazingira je, nyumba, upweke, madeni, kazi, vilishughulikiwa? Mwaka 2022 wataalamu wa akili wa Uholanzi na Ubelgiji waliulizwa raundi baada ya raundi mpaka wakakubaliana juu ya vigezo 13 vya namna hiyo, na ndani yake wakakiri pia kwamba lazima kuwe na kikomo, huwezi kumwambia mtu aliyechoka kwamba kuna dawa ya ishirini na moja, jaribu na hiyo, kisha ya ishirini na mbili. Uchovu wa kutibiwa nao ni kitu, mie nimewaona watu wameuchoka hata mlango wa hospitali.

Lakini mwanangu kuangalia nyuma na kuangalia mbele ni mambo mawili. Ukishamaliza kuhesabu yaliyoshindikana hujajua bado kitakachotokea mwakani. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2006, wagonjwa wa sonona kama elfu nne, wakipewa tiba hatua kwa hatua, inayoshindwa wanahamia nyingine. Hatua ya kwanza dalili ziliisha kwa kama theluthi hivi, ya pili karibu na hapo hapo, ikifika ya tatu na ya nne ni kama mmoja kati ya saba. (Wapo waliokuja kuzirudia hesabu hizo baadae wakasema zilitiwa chumvi, zilikuwa chini ya hapo.) Unaona shida ilipo, kila mlango unaofungwa unapunguza bahati ya mlango unaofuata, hapo madaktari wa mdogo wako hawasemi uongo, ila haifiki sifuri, na hao wachache watakaopata nafuu hakuna anayeweza kuwanyooshea kidole mapema akasema huyu yumo, huyu hayumo. Kwa kundi tunajua kiasi. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yako kwenye kiti tunakisia.

Ndo maana Kanada, ambako neno la kutotibika limeandikwa ndani ya sheria yenyewe ya kusaidiwa kufa tangu 2016, walipotaka kuwafungulia mlango wenye maradhi ya akili peke yake wamekwama. Ilikuwa waanze Machi 2023, wakasogeza mpaka Machi 2024, wakasogeza tena mpaka tarehe 17 Machi 2027. Moja ya sababu kubwa ni hilo hilo unaloniuliza wewe ukiwa jikoni Ngamiani, nani atasema haliponi na ataonea wapi.

Msimamo wangu nakupa, ni wangu usiubandike kwa mtu. Daktari akisema "sina tena cha kukupa" naweza kumuamini, ni mkweli na inahitaji moyo kutamka. Akisema "hutopona" hapo kavuka, kasema habari za kesho. Naona wengi wakishafika kwenye la kwanza wanatamka la pili kwa sababu linafanana nalo. Na mgonjwa analolisikia ni la pili. Ungekuwa karibu ningetaka umuulize mdogo wako kwa utulivu, walikwambia lipi kati ya hayo mawili, kwa maneno yao hasa?

Ila na wewe mwanangu nikuguse. Hao "wazungu waliochoka kutibu" haikuwa haki. Kwa uliyoyaandika, dawa nyingi, tiba ya umeme awamu mbili, kulazwa mara nne, miaka ya mazungumzo, mdogo wako katibiwa kuliko wagonjwa karibu wote niliowahi kuwahudumia. Na upepo wa Raskazone naupenda, nimeuzoea tangu mdogo, lakini mtu aliyelala na ugonjwa huo miaka 15 ukimwambia upepo utamponya anasikia kwamba humuamini kuwa anaumwa. Hapo ndo "sawa dada" ilipotoka.

Kwenye upweke lakini hukukosea. Kuna watafiti walisoma mafaili 66 ya watu wa Uholanzi waliosaidiwa kufa kwa sababu za akili kati ya 2011 na 2014, wengi wanawake, na zaidi ya nusu ya mafaili yalitaja upweke au kutengwa na watu. Zaidi ya nusu pia yalionyesha mgonjwa aliwahi kukataa tiba fulani, na kwenye karibu robo madaktari wenyewe hawakukubaliana. Upweke hautibiwi kwa kidonge na wala hauingii vizuri kwenye vigezo, mganga wa Leiden au wa Utrecht hawezi kuandika kwenye karatasi ya dawa "dada, mara moja kwa siku". Wewe unaweza kuwa huyo dada. Sikuahidi kwamba itabadilisha ombi lake.

Kumzuia kisheria huwezi, ndugu hana kura kule, mwenye akili zake timamu anaamua mwenyewe, na ugonjwa wa akili haumaanishi hana akili timamu ya kuamua, hilo wanalipima mbali. Kinachowezekana ni wewe kuingia kwenye mazungumzo. Miongozo yao inataka ndugu wahusishwe pale mgonjwa anaporidhia, kwa hiyo muombe ruhusa uongee na daktari wake kwa video akiwepo yeye mwenyewe, atafute mkalimani ikibidi. Ukipata nafasi hiyo usiende kupigana. Uliza ile miezi tisa ya nafuu ilikuwa na nini ndani yake, dawa gani, anaishi na nani, kazi gani, maana kwangu mie hiyo miezi tisa ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye barua yako na umeipitia kwa mstari mmoja tu na mbuzi. Uliza kama kuna tiba iliyopendekezwa akaikataa na kwa nini. Uliza yule daktari wa pili alimuona mara ngapi.

Na ujue ombi si kifo. Kituo kimoja huko kinachopokea watu ambao madaktari wao wamekataa, waliangalia maombi ya wagonjwa wa akili zaidi ya 1,300 ya kuanzia 2012 mpaka 2018, yaliyoishia kwa mtu kusaidiwa kufa ni kama moja kati ya kumi. Mengi yalikataliwa, na wengine waliondoa wenyewe. Ubelgiji nako katika wagonjwa 100 walioomba, 48 walikubaliwa, na 8 kati ya hao wakaahirisha au wakafuta kabisa, wanasema kule kujua tu kwamba wamesikilizwa na mlango upo kuliwapa utulivu wa kuendelea kuishi. Sitaki ujidanganye pia, idadi imepanda, Uholanzi kwa sababu za akili walikuwa 2 mwaka 2010, wakawa 138 mwaka 2023 na 219 mwaka 2024, kati ya vifo vya aina hiyo 9,958 vya mwaka huo wote. Sehemu ndogo, lakini imekua, na wapo madaktari wa huko huko inawatia wasiwasi hasa kwa vijana.

Mpigie. Anza na kuomba radhi kwa lile la moto, neno moja, usilielezee. Alafu mwambie ukweli wako, kwamba unataka aishi, hilo usilifiche maana akikuona umepoa ghafla atadhani umemuachilia. Kisha muulize siku yake inakwendaje, kuanzia anapofumbua macho, na unyamaze usikilize hata ikifika hizo dakika 11 mara tatu. Mambo ya dini yapo na ni mazito, mie si shehe, na yeye kakulia kwenye nyumba ile ile uliyokulia wewe, anayajua yote, hukuhitaji kumkumbusha. Ile hadithi tuliyofundishwa chuoni tukiwa wadogo, kwamba Mwenyezi Mungu hakushusha ugonjwa ila ameushushia na dawa yake, nadhani ukimsomea kwa mapenzi ataisikia tofauti na moto. Ila haisemi kwamba dawa hiyo keshaijua daktari wa leo.

Akitaka kuja Tanga aje, kwa sababu ni kwao, na msimwambie anakuja kutibiwa. Aje na dawa zake na barua ya daktari wake, asikatishe dozi kwa ajili ya safari, na kabla hajafika jua nani ataendelea kumuangalia huku. Watu wanasahau kwamba mkoa huu una historia na maradhi haya, kule Lutindi, Korogwe, milimani, wamishenari walikuwa na nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani tangu 1896 na ikageuka hospitali ya wagonjwa wa akili 1904, mpaka leo ipo na wagonjwa wanafanya kazi za mikono na shamba. Kuna watu pale ambao kwa lugha ya vitabu hawakupona. Wanaamka, wanapalilia, wanakula, wanacheka siku nyingine, siku nyingine hapana. Nimekuwa nikijiuliza neno kupona tunalitumia kwa maana gani, kama ni dalili zote kuondoka basi hata mie na sukari yangu siponi. Lakini sitamwambia mdogo wako kwamba hiyo inamtosha yeye, sijalala kitandani kwake.

Kuhusu mama. Habari ni ya mdogo wako, usiitoe bila yeye. Muulize anataka mama ajue lini na kwa mdomo wa nani, na mwambie wazi kwamba jambo moja hutolikubali, mama kuja kusikia baada ya kila kitu kwisha. Akikubali, afanye mwenyewe kwa simu wewe ukiwa umekaa pembeni ya mama na kipimo cha presha karibu. Wazee wetu wana vifua vikubwa kuliko tunavyowapa, alizika mume yule.

Na kwa vile vois kijana wako keshaisikia, usijifanye haikuwepo. Mwambie mamdogo anaumwa, tunampenda, hatujakubali, tunaongea nae. Akitaka kuongea nae mwenyewe muulize kwanza mamdogo, na daktari wa kijana ajue kasikia nini, mwambie hiyo hiyo siku ya kliniki.

Kama kliniki ni Jumatatu, toka mapema na kadi yake na vile vidonge alivyobakisha, hata kama ni viwili, wavione. Uholanzi wako nyuma yetu saa moja au mbili kutegemea msimu, kwa hiyo ukimaliza isha ukapiga simu yeye bado ni jioni kwake. Kijana akishaonana na daktari niandikie, usingoje mpaka ya Uholanzi ijulikane.

Bi Mkubwa